Steringi akiwa ndiye adui: nimchoreje bila kumsafisha?

Kalamu ya Chikongola

Wakuu, salaam. Niko Mtwara mjini, Chikongola, nachora katuni. Mchana niko steshenari natoa kopi na kupiga lamineshi, usiku nachora kwa wino nyuma ya karatasi zilizoharibika kwenye mashine. Hadithi yangu ya kwanza ndefu imefika ukurasa wa kumi na nne na imegoma kuendelea.

Tatizo ni steringi. Tangu enzi za mabanda ya video tunaijua kanuni: steringi hafi, adui anakufa mwishoni, na ukiona adui amekufa mapema ujue nyuma yake kuna bosi. Mimi steringi nimemtoa kabisa. Anayebeba hadithi, kurasa zote, ni adui. Nimemwita Bakuli. Ni mnunuzi wa kangomba.

Kwa wasio wa huku kusini, kangomba ni kununua korosho za mkulima kwa kificho: mkulima anadaiwa hela ya salfa ya kupulizia mikorosho tangu Juni, mtoto amerudishwa nyumbani hana sare, mnada bado, na malipo ya chama cha msingi cha ushirika yatakuja yatakapokuja. Usiku anabisha mtu ana noti mfukoni na chombo cha kupimia. Anakulipa bei ya kilo kwa chombo kinachomeza zaidi ya kilo, na hiyo bei yenyewe ya kutupa. Asubuhi deni limepungua na korosho zimekwenda. Kangomba ni marufuku, kila mtu anajua ni marufuku, na kila msimu wapo.

Bakuli wangu nimemwongezea nguvu za ajabu, kwa sababu bila hivyo hii si katuni. Akikutazama machoni anajua unadaiwa shilingi ngapi na unadaiwa na nani. Basi. Haruki, risasi inamwingia kama mtu yeyote, harushi moto. Anabisha hodi tu kwenye nyumba sahihi.

Kurasa nane za mwanzo zilikwenda kama maji. Ya tisa nikamwonea huruma, nikampa mtoto mgonjwa. Ya kumi na mbili akamvusha bibi barabara. Dada yangu akasoma, akaniuliza, "Huyu ni Bakuli au ni ustadhi?" Nikaziweka pembeni. Nikaanza upya, nikamfanya mbaya mwanzo mwisho, anacheka peke yake gizani, meno nje. Huyo naye ukurasa wa tatu tu ameshachosha.

Najua Wamarekani wana vitabu vizima ambavyo adui ndiye yuko mbele. Wenye kuvijua, walifanyaje? Nimebandika ukurasa wa sita hapo chini, ule wa kupima, muuone mkono wangu.

Mdau wa Mikindani

Mkuu, huyo ustadhi kanichekesha hadi chai imenipalia. Ila ugonjwa wako wanaujua hata hao wenye viwanda vya katuni, na wao waliuugua kwa lazima.

Mwaka 1954 kulikuwa na kelele kubwa Marekani kwamba katuni zinaharibu watoto, hadi Baraza la Seneti likaketi kusikiliza. Wachapishaji wakaogopa kubanwa na serikali, wakajitungia kanuni wenyewe. Mhalifu asichorwe hadi msomaji amhurumie. Wema ushinde uovu, kila hadithi, bila kukosa. Kitabu kisicho na muhuri wa kanuni hizo kilikuwa taabu kukifikisha dukani. Mwaka 1971 zikalegezwa kidogo, lakini kivuli kilibaki.

Sasa tazama kilichompata Joker, adui wa Batman. Mwaka 1975 wachapishaji wake, DC, wakampa kitabu chake mwenyewe, jina lake juu ya jalada, Batman kawekwa pembeni. Zilitoka namba, yaani matoleo, tisa tu, mwaka uliofuata kimekufa. Hebu fikiri: adui ndiye mwenye kitabu, lakini mwisho wa kila namba lazima ashindwe. Msomaji anajua mwisho kabla hajalipa. Hicho si kitabu cha adui, ni kitabu cha polisi kilichovaa nguo za Joker. Marvel, wachapishaji wengine, nao wakati huohuo walikuwa na kitabu cha maadui walioungana, Doctor Doom na wenzake. Kilisukumana hadi 1980, namba 17, waandishi wakipokezana kama kijiti.

Dawa naiona kwenye vitabu viwili vya Doom huyohuyo. Cha kwanza ni Emperor Doom, cha 1987. Doom anampata mtu ambaye neno lake halikataliwi na yeyote anayelisikia, anampachika kwenye mashine, na dunia nzima inamtii. Hapigani tena na mtu. Anatawala, na mambo mengi yananyooka kweli. Halafu? Mafaili. Vikao. Mezani mafaili, nje foleni ya wanaosubiri saini yake. Mtu aliyepigana maisha yake yote kuipata dunia, ameipata, na sasa anachoka kama ofisa mtendaji wa kata. Mwandishi hakumsafisha hata kidogo. Alimpa alichokitaka, akamwacha nacho.

Cha pili cha 1989, Doom na mganga wa mazingaombwe Doctor Strange wanashuka kuzimu kuitoa roho ya mama yake Doom iliyoshikwa na ibilisi Mephisto. Huruma hiyo, siyo? Mwana anampigania mama. Lakini angalia anavyomtoa: anafanya usaliti mchafu mbele ya macho ya mama, mama anamkana mwanawe, na kwa kumkana ndipo anapofunguka. Kamwokoa na kampoteza kwa tendo lilelile.

Kosa la ustadhi wako ni kwamba wema wake anaufanya kwa njia za watu wema. Bakuli akisaidia mtu, asaidie kibakuli.

Baba Zuhura

Vijana, mimi nasema wazi. Huku ni kufundisha watoto wizi. Watu wamelizwa na kangomba, mnawapamba. Chora mkulima. Chora bwana shamba. Zamani sisi tulisoma jarida la Sani, katuni za maana, za kucheka na kujifunza.

Mdau wa Mikindani

Shikamoo baba. Sani ile ya Ndumilakuwili?

Baba Zuhura

Marahaba. Ndiyo, huyo alikuwa tapeli, lakini alikuwa anachekesha.

(Nimeelewa unakonipeleka. Sijakubali.)

Kinyago Mweusi, Masasi

Baba naye ana lake. Ila huku kwetu adui kuwekwa mbele si jambo la kuletwa na meli. Wachonga vinyago wa Kimakonde wamechonga mashetani miaka na miaka, shetani peke yake, jicho moja, mdomo umepinda, hakuna malaika wa kumkimbiza. Marehemu George Lilanga, mzaliwa wa wilaya hii yetu, alichora mashetani yake yanacheza ngoma, matumbo mbele, masikio kama majani ya mbuyu. Hakuna anayeyaonea huruma na hakuna anayechoka kuyatazama. Yana shughuli zao, hayakutazami wewe. Bakuli wako anayecheka gizani anakutazama mno, anataka ujue kuwa ni mbaya. Mpe kazi, ashughulike.

Mama Ufuta

Mimi niko Nachingwea, ufuta na mbaazi, korosho kidogo. Wanunuzi wa hivyo kwenye ufuta twawaita chomachoma. Nimeuza kwao mara mbili, sitasema kwa shida gani.

Mwanangu Kalamu, una mkono mzuri, hasa kanga ya yule mama umeikunja vizuri. Lakini ukurasa wa sita una uongo. Umechora bakuli limegongwa kitako likavimba kwa nje, sawa, ndivyo yalivyo. Halafu umeliweka mezani. Bakuli lenye kitako cha mviringo likiwekwa mezani linayumba kama mtumbwi. Mkulima gani ataliangalia likiyumba hivyo asiulize? Sisi tulikuwa na shida, hatukuwa vipofu.

Na la pili. Huyo Bakuli wako anakuja kama mgeni, koti refu, uso haujulikani. Hakuna mgeni anayefunguliwa mlango saa tano usiku. Anayefunguliwa ni shemeji. Ni jirani aliyechangia jeneza la baba yako. Mimi wangu nilimkaribisha maji kabla hajapima.

Mdau wa Mikindani

Mama amemaliza, mimi naongezea kipande tu. Mwaka 1997 Marvel walitoa Thunderbolts. Mashujaa wakubwa wameondoka, watu wanadhani wamekufa, na likajitokeza kundi jipya la kuwalinda, wenye mavazi mazuri na tabasamu. Ukurasa wa mwisho wa namba ya kwanza ndipo msomaji anagundua kuwa kiongozi wao ni Baron Zemo, na wote ni maadui wa zamani waliobadili majina. Siri ilitunzwa vizuri hadi wasomaji wakaachwa mdomo wazi. Lakini utamu wenyewe ulianza baadaye, pale baadhi yao walipoanza kuonja kupendwa. Watoto wanawapungia mikono mitaani. Wamezoea kukimbiwa, sasa wanakimbiliwa, na hawajui pa kuiweka ile hisia.

Na kama unataka adui mdogo, wa saizi ya mtaa, kuna kitabu cha 2013 cha wezi wa daraja la tatu wanaosumbuana na Spider-Man. Kiongozi wao, Boomerang, ndiye anayesimulia, na anakudanganya wewe msomaji vilevile anavyowadanganya wenzake. Unajua anadanganya, unaendelea kumsikiliza. Nacho kilifika namba 17 kikaisha, lakini kiliisha kimeshiba.

Kalamu ya Chikongola

Baba Zuhura shikamoo, na mama shikamoo. Mama, ulivyosema shemeji nilizima simu nikakaa.

Acha niseme tu. Bakuli sikumbuni mzima. Ni mjomba. Kaka wa mama yangu, tumbo moja. Kwetu Wamakonde mnajua mjomba ni nani, baba anaweza kusema na mambo yasiende, mjomba akisema yamekwenda. Alinunua kangomba misimu mingi, akaacha mwaka 2018, ule msimu wanajeshi walipoletwa kukusanya korosho na bei ikatangazwa shilingi 3,300 kwa kilo. Ada yangu ya sekondari, kidato cha kwanza hadi cha nne, alilipa yeye. Kwa hiyo kalamu yangu ikifika ukurasa wa tisa inaanza kumwombea msamaha bila mimi kuiambia. Sikulijua hilo hadi mlipoanza kunichambua hapa.

Kesho Jumamosi nakwenda Tandahimba. Nitabeba ukurasa wa sita.

Baba Zuhura

Nenda. Msalimie. Usimkosee adabu mjomba wako.

Kalamu ya Chikongola

Nimerudi. Basi lilituacha njiani saa nzima, hilo si la hapa.

Nilimkuta barazani, amekalia kigoda, ming'oko ya kuchemsha kwenye sahani, chumvi na pilipili pembeni. Macho yake siku hizi si mazuri. Karatasi aliishika mbali, kwa urefu wa mkono wote, akaisogeza juani.

"Nani huyu?"

"Mtu tu, mjomba."

Akaitazama muda mrefu. Nilitarajia ama akasirike ama acheke, nikawa nimeshapanga la kusema kwa vyote viwili.

"Meza ya nini?"

Nikamwambia ya kupimia.

"Nani alipimia mezani?" Akaweka karatasi chini, akavua ndala, akatia kisigino kwenye mchanga mbele ya baraza, akakizungusha mara mbili. Pakawa na shimo dogo la mviringo, safi kama limechongwa. "Unalikalisha hapa. Kitako kinaingia chote. Linatulia kimya. Mwenye mali anaona ukingo tu, anaona bakuli kama la kwake la ndani." Akaokota tena karatasi. "Na nyundo umechora ya chuma. Ya chuma inatoboa. Ni ya mbao, na unaanza katikati unakwenda nje, pole pole, unaligeuza."

Mikono yake ilikuwa inageuza bakuli ambalo halipo. Mama Ufuta, ungekuwepo. Kinyago, ile kazi uliyosema nimpe, anayo. Sijawahi kumwona mjomba amechangamka vile, hata siku ya matokeo yangu.

Halafu akanyamaza, kidole chake kiko juu ya yule mama mwenye kanga.

"Huyu ni mama yako?"

Sikujibu. Kanga ile niliichora nikiitazama kwenye kamba.

Akanirudishia karatasi. Akachukua mng'oko mmoja, akaumenya, akauchovya kwenye chumvi, akaushika bila kuula. Akasema dada yake alikuwa anampimia kwa bakuli jingine. Akasema yalikuwa mawili, siku zote alikuwa anatembea na mawili kwenye gunia, moja halijagongwa.

Sikumuuliza mama nilivyorudi nyumbani. Ukurasa wa sita nimeuchora upya bila meza. Wa kumi na tano nimeuanza leo asubuhi, kisanduku kimoja ukurasa mzima, hakuna mtu: mashimo mawili ya kisigino mchangani, na moja ni la kina kifupi kuliko jingine.