MREJESHO: Lile jalada la kijani kwenye boksi la vitabu vya zamani

Wakuu, niliuliza humu kama kile kitabu cha Kiingereza cha 1858 chenye jalada la kitambaa la kijani kali kina sumu, sasa majibu yametoka. Bosi wangu wa hapa dukani Uingereza aliongea na maabara ya chuo, wakakipima kwa kile kimashine cha eksirei kinachosoma elementi bila kukata hata uzi, na kweli, shaba na aseniki (hii ndiyo sumu yenyewe) zimetoka pamoja tena kwa wingi, yaani ni ile rangi ya zamani iitwayo kijani ya emeraldi. Kitabu kingine cha njano kimetoa madini ya risasi na kromiamu, nacho si cha kuchezea.

Kilichonitisha ni glavu, nilipitisha kidole kwenye mkunjo wa mgongo wa kitabu cha kijani ikabaki na unga wa kijani, rangi inabanduka yenyewe jamani, usishike halafu ukaenda kula.

Kwenye rekodi tumeweka jina, mwaka, mchapishaji, picha, na sehemu gani hasa imepimwa, hii wengi wanairuka ila ni muhimu sana maana rangi inaweza kuwa kwenye kitambaa au kwenye kingo za kurasa. Kila kitabu kimeingia mfuko wake wa zipu wenye lebo.

Wasio na mashine, jumba la makumbusho la Winterthur kule Delaware Marekani wana mradi tangu 2019 wa kuorodhesha vitabu vyenye rangi za sumu kama hivi, wametengeneza na alamisho yenye rangi za kulinganishia, ila macho pekee hayathibitishi, mkihisi tu fungeni kwanza kwenye mfuko. Ahsanteni sana mliosema nisikifute kitabu hicho kwa kitambaa.