Programu ya nota imeniaibisha msibani. MSIBANI!

Wakuu salaam, ingawa mimi salama sina.

Programu mnaijua, sina haja ya kuitaja. Kila mwalimu wa kwaya humu anayo kwenye laptop na kila mmoja ana kovu lake.

Nimetoka msibani sasa hivi, shati bado limelowa jasho. Wimbo wa kuaga nimeutunga mwenyewe. Kiitikio kinamalizia na "utukufu", hapo nimeweka ff, alama ya kuimba kwa nguvu sana, watu wafungue koo. Baa inayofuata, yaani kipande kinachofuata cha nota, besi wanaingia peke yao: "Pumzika". Hapo ni pp, kimya kimya. Pianisimo ya adabu, ya mtu anayepita chumba alicholala mgonjwa.

Saa nane usiku naona ff imegusana na silabi ya "tu". Nikaishika kwa mausi niisogeze kidogo tu, kama unavyomtoa mtoto mchanga uchafu jichoni. Kale kasumaku ka gridi kakaidaka: tap! Nikairudisha. Tap! upande wa pili. Ama ikae juu ya kichwa cha nota, ama ihamie kwa jirani, katikati hakuna makazi ya watu. Kule kujipanga kwenyewe nilishakuzima, maana kulikuwa kunasukuma ubeti wa tatu mpaka unakaribia kutoka nje ya karatasi. Jogoo anawika ndio ff imetulia pale ninapotaka. Nikasevu, nikapunguza stafu, ile mistari mitano ya nota, kidogo wimbo uenee kurasa mbili, mbio steshenari, kopi 32.

Kumbe nilipopunguza stafu baa zimehama mistari, na ff imehama nazo. Imeenda kukaa juu ya pp ya "Pumzika", imeifunika yote, kama basi lililopanda juu ya bajaji.

Nina besi saba, watiifu, wanaiamini karatasi kuliko mkono wangu. Kanisa kimya. Watoto kimya. Feni zenyewe kimya.

PUMZIKAAAAA!

Kama goli la dakika ya tisini. Shangazi wa marehemu kaangusha pochi. Padre kafumbua macho. Kuna mzee benchi la nyuma, sikio moja halisikii, akauliza kwa sauti: "Nani kafunga?"

NANI KAFUNGA, wakuu. Kwenye jeneza.

Besi_Kiroba: Nimekaa siti ya mbele. Uzi bila picha ni batili, weka hiyo karatasi.

Mtoa mada: Picha ya nini mkuu? Watu walikuwa wanalia. Wengine walikuwa wanacheka huku wamejifunika kanga, hao ndio wanaoniuma.

SopranoMstaafu: Nani kafunga 😂😂😂 bosi kaniuliza nacheka nini, nimemwambia nimefiwa.

kinanda_chakavu: Mkuu, programu haijakuaibisha, umejiaibisha. Ukiishika alama yoyote, angalia kuna kamstari ka vitone kanatoka kwenye alama kwenda kwenye nota. Hiyo ndiyo kamba yake. Wewe ulipopigana na gridi, kamba ilihamia kwenye "Pumzika", ukabaki unaivuta sura tu irudi kwenye "utukufu". Hata ungeivuta mpaka Kigoma, mistari ikihama lazima irudi kwenye kamba. Zima gridi, tumia mishale ya kibodi, inasogea kidogo kidogo, sehemu ya kumi tu ya ile nafasi kati ya mistari ya stafu.

Mtoa mada: Kwa hiyo ff ni mbuzi?

kinanda_chakavu: Ni mbuzi. Na ulimfunga kwa jirani.

Mtoa mada: Sasa mbuzi gani anabadilishiwa kamba bila kupiga kelele? Programu imekaa kimya, kelele wakaja kupiga besi.

nota_kwa_maandishi: Hamieni LilyPond, programu ya nota ya kuandika kwa maandishi. Hakuna kuburuta, unaandika c4\ff na alama inabaki na nota yake popote mstari utakapokatikia.

Besi_Kiroba: Mwalimu wetu bado anawasha kompyuta kwa kuibembeleza, wewe unamletea mkwaju wa nyuma, huo \ wako.

Mzee_wa_Partitura: Mnalilia ff moja. Mimi nyimbo zangu za miaka kumi na tano ziko kwenye ile programu kongwe, Finale, ambayo Agosti 2024 wenyewe walitangaza hawaiendelezi tena, baada ya miaka 35. Nani alinipigia kinanda siku hiyo?

SolfaDamu: Watu wa nota mnadeka. Njooni kwetu tunaoandika do-re-mi kwa herufi, | d :r |m :– | sauti nne, nukta pacha zote zisimame mstari mmoja, unapanga kwa tabu kwenye programu ya kuandikia barua. Ukiongeza neno moja juu, ukurasa mzima unayumba. Halafu soprano anaifungulia kwenye simu, fonti hana, alto wanaimba mapigo ya besi mpaka Amina.

SopranoMstaafu: Soprano tena? Sisi ndio pekee tunaofungua hayo mafaili. Wengine wanapiga picha nota ya mwenzao dakika mbili kabla ya misa, tena kwa pembeni.

alto_mkimya: Nje ya mada kidogo. "Pumzika" mliigawa nota tatu au nne?

SolfaDamu: Tatu. Pu-mzi-ka.

alto_mkimya: Nne! Pu-m-zi-ka. Hiyo m ni silabi kamili. Au "mtu" unaiimba nota moja?

SolfaDamu: Na "mbingu" utaipa tatu?

alto_mkimya: Mbingu mbili, m yake imejishikiza kwenye b. Usichanganye.

Besi_Kiroba: Ukiipa m nota yake besi wanaonekana wanaguna. Nimeguna miaka tisa, najua ninachosema.

Mtoa mada: Wakuu tunaongelea ff.

alto_mkimya: Mtoa mada, wewe uliigawa ngapi?

Mtoa mada: Tatu.

alto_mkimya: Aaah. Basi niiombe radhi programu.

mgeni_wa_kwaya: Samahanini, huo wimbo PDF yake ipo? Tuna msiba kesho.

Mzee_wa_Partitura: Nami.

SopranoMstaafu: Nami, ila mnitumie wasap, barua pepe nimesahau nywila.