Nguo za kuwinda kulungu kwenye baridi ya Novemba: Gikomba, dukani, au nisubiri nifike Wisconsin?

Mkaaji_Kasarani
Habari za jioni wadau. Shemeji yangu anaishi kaskazini mwa Wisconsin, Marekani, na amenialika mwezi wa Novemba tuwinde kulungu, wale wa mkia mweupe. Hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo wengi wetu tunaujua kwa masimulizi ya wazee tu. Baridi ninayoijua mimi ni ya Julai hapa Nairobi na ile ya Mlima Kenya, Point Lenana, ambako nilipanda na jaketi la kukodi. Shemeji anasema alfajiri huko inaweza kufika nyuzi hasi 10 na kushuka zaidi, na kazi yenyewe ni kukaa kimya juu ya mti tangu giza mpaka saa nne asubuhi.

Ninapima njia tatu. Ninunue kila kitu mitumba, kwenye masoko ya Gikomba au Toi. Au niende dukani hapa mjini nichukue nguo mpya za wapanda milima. Au nisafiri mikono mitupu, nikanunue au kuazima huko. Pesa si nyingi. Mzigo ni kilo 23 na nusu yake ni unga, majani chai na maagizo ya dada. Nishaurini.

Baridi_ya_Limuru
Njoo kwetu wiki moja tu kabla ya safari. Ukitoka hapa Wisconsin utaiona Mombasa.

Mguu_Njiani
Kaka, ngoja turekebishe hesabu kabla hujatoa hata shilingi. Mimi huongoza watu Mlima Kenya na Aberdare. Usiku ule wa kupanda Lenana ulikuwa unatembea, na mwili unaotembea ni jiko lililowashwa. Kazi ya nguo pale ni kupitisha jasho na kuzuia upepo. Mtu aliyekaa saa tatu bila kutikisika, jiko lake limefifia. Jaketi lililokutosha ukiwa mita 4,985 halitakutosha juu ya mti mita 5 kutoka ardhini. Ndiyo maana chaguo lako la pili silipendi sana. Nguo nzuri za milima hapa mjini ni ghali, na nyingi zimeshonwa kwa ajili ya mtu anayesogea.

Nguo ya kugusa ngozi isiwe pamba. Hilo halina mjadala. Pamba ikinyonya jasho haikauki, na ukikaa tu inaanza kukunyang'anya joto. Chukua merino, ile sufu laini ya kondoo, au poliesta nyembamba. Sufu hubaki na joto hata ikilowa na haishiki harufu haraka. Poliesta hukauka upesi na bei yake ni nafuu, ila siku ya pili inanuka, na huyo mnyama anaishi kwa pua yake. Katikati weka flisi nene, kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi, au sweta la sufu. Juu ya hapo, jaketi kubwa lililojazwa, pana kiasi cha kuvaliwa juu ya yote bila kukubana.

Jambo wanalolipuuza wengi ni hili: hilo jaketi kubwa usilivae ukiwa njiani kuelekea kwenye mti. Libebe kwenye begi. Tembea ukihisi baridi kidogo, polepole, kofia mkononi. Ukifika umelowa jasho, hata ungekuwa na jaketi la kupandia Everest, baada ya saa moja utatetemeka mpaka ushindwe kushika kitu.

Shangazi_wa_Toi
Mwanangu, majaketi hayo yako tele. Wateja wangu wakubwa ni vijana wa boda na walinzi wa usiku, na hao baridi wanaijua. Ukitaka kamera, yaani zile nzuri za kuchagua kwanza, uje asubuhi siku bale, lile furushi la mitumba, linapofunguliwa. Ukingoja fagia, yale mabaki ya mwisho, utalipa kidogo, ndiyo, lakini utachagua kile ambacho wenzako wamekikataa. Na usije Juni wala Julai, wakati huo kila mtu anatafuta jaketi na bei zinapanda. Septemba hivi tunaelewana.

Sasa nikufundishe kuangalia. Geuza jaketi ndani nje. Kuna utepe mwembamba umebandikwa juu ya mishono, pitisha kidole. Ukiinuka, au ukiona magamba meupe yamebaki kidoleni, ujue kinga yake ya maji imekwisha, hata kama jina mgongoni ni kubwa namna gani. Kisha liinue mbele ya jua. Ukiona sehemu tupu mwanga unapita, na vilivyomo vimejikusanya pembeni vinundu vinundu, lirudishe kwenye rundo. Zipu ivute juu chini mara kadhaa, na kofia yake angalia kama inakazwa au kamba imeshakatwa.

Sufu watu wanadanganywa sana. Vuta uzi mmoja uliolegea kwenye pindo la ndani, uuchome kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua, na jivu lake linasagika. Poliesta inayeyuka inakuwa kidonge kigumu. Lakini usichomee kibandani kwangu tafadhali, toka nje.

Mlinzi_wa_Zamu
Nyongeza fupi. Huko Gikomba utaona nguo za jungle za wawindaji, zile za mabaka ya kijani na kahawia. Usiguse. Hapa kwetu raia akikutwa na nguo zinazofanana na za jeshi ana kesi ya kujibu, na askari hatasikiliza habari za shemeji wa Wisconsin.

Mkaaji_Kasarani
Asante sana Shangazi, na Mguu_Njiani pia. Swali la haraka: si wawindaji lazima wavae mabaka ili wasionekane?

Jirani_wa_Madison
Shikamoo Shangazi, salamu kwenu wote. Mimi niko Wisconsin miaka mingi sasa, na wakwe zangu ni wawindaji. Nianze na hilo la mabaka, maana ndilo litakalookoa pesa yako.

Msimu mkuu wa bunduki hapa ni siku 9, unaanza Jumamosi kabla ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya mwishoni mwa Novemba. Katika msimu huo sheria inataka angalau nusu ya nguo zako za nje, kuanzia kiunoni kwenda juu, iwe rangi ya chungwa inayowaka. Waridi inayowaka iliruhusiwa pia mwaka 2016. Ukivaa kofia, nusu yake nayo iwe hivyo. Lengo ni wawindaji wasipigane risasi. Kulungu hana shida na rangi hiyo, jicho lake halitofautishi nyekundu na kijani kama letu, kwa hiyo chungwa kwake imefifia tu. Anachokiona vizuri ni upande wa buluu na ule mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni. Sasa sikiliza: sabuni nyingi za unga zina kemikali ya kung'arisha nguo, na kemikali hiyo inang'aa kwenye mwanga huo. Mitumba yako ukiifua kwa sabuni ya unga yenye manukato na kuisuuza kwa kile kilainisha-nguo, umejitangaza machoni na puani. Fua kwa sabuni ya kipande isiyo na harufu, suuza mara mbili, anika nje.

La pili ni kelele, na hapa ndipo majaketi ya mitumba yanapoanguka. Mengi ni ya michezo ya theluji, kitambaa cha nje ni nailoni. Kwenye baridi kali nailoni inakakamaa, na msitu wa Novemba majani yameanguka, hakuna upepo, kila kitu kimya. Ukiinua mkono linafanya "chwaa". Kulungu aliye mita 40 ameshainua kichwa. Ndiyo maana wazee wa hapa hawajaacha sufu na flisi, hazina sauti.

Makaratasi pia yasikupite. Aliyezaliwa Januari 1, 1973 au baadaye anatakiwa awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji, au awinde chini ya msimamizi aliye karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Na kwa mgeni mwenye viza ya matembezi, sheria ya Marekani haimruhusu kushika bunduki isipokuwa katika hali chache, mojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwambie shemeji leseni ije kwanza, bunduki baadaye.

Dereva_wa_Usiku
Kama ni chungwa tu, si achukue reflekta ya boda? Hazigharimu kitu.

Jirani_wa_Madison
😂 Zile za hapo kwetu nyingi ni za kijani-njano, hazikubaliki. Ya chungwa ingesaidia, lakini ile mistari ya fedha inarudisha mwanga na plastiki yake inapiga kelele kuliko jaketi. Fulana za chungwa za wawindaji zinauzwa hapa kila duka, bei ndogo. Na kila nyumba ya mwindaji ina tatu zimetundikwa gereji.

Mguu_Njiani
Hapo kwenye kelele Jirani amenifungua macho, mlimani hatujali sauti. Lakini kuna njia. Jaketi la nailoni livaliwe *ndani*, kisha juu yake flisi kubwa kupita kiasi, saizi mbili zaidi ya yako. Nailoni inazuia upepo, flisi inameza sauti. Flisi kubwa ndizo rahisi kuliko zote kwa mitumba, maana watu wengi hapa zinatupwaya. Au nimekosea, Shangazi?

Shangazi_wa_Toi
Hujakosea. Zile za XXL zinakaa mpaka zinapigwa fagia. Nyingine nawauzia mafundi wanakata wanashona za watoto.

Kiti_cha_Nyuma
Mimi nina pingamizi kuhusu hizo jaketi za manyoya ya bata. Kila mtu anazisifu kwa wepesi, na kweli zinabanwa zinaingia kwenye kona ya begi, jambo zuri kwa mtu mwenye unga wa dada. Lakini manyoya yakilowa yanalala na joto linakwenda. Zilizojazwa poliesta ni nzito kidogo, zinakula nafasi, ila zikilowa bado zinafanya kazi. Kwa mtu asiyejua hali ya hewa ya huko, mimi ningechukua poliesta.

Jirani_wa_Madison
Inategemea. Ikiwa hasi 12 na anga safi, theluji ni kavu, manyoya yanashinda. Siku mbaya zaidi hapa ni ile ya nyuzi 1 au 2 na mvua nyembamba, inakulowesha mpaka mifupani. Siku hiyo Kiti_cha_Nyuma yuko sahihi kabisa. Kama unanunua moja tu, poliesta.

Dereva_wa_Usiku
Na zile fulana za betri zinazojipasha moto? Nimeziona mtandaoni.

Kiti_cha_Nyuma
Baridi inapunguza nguvu ya betri wakati ule ule unaoihitaji. Na betri za ziada za lithiamu lazima zikae kwenye mkoba wa mkononi ndani ya ndege, haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini. Afadhali vile vipakiti vya kupasha mikono, vina unga wa chuma unaopata joto ukikutana na hewa. Ila ndani ya kiatu kilichobana havipati hewa, vinapoa.

Mkaaji_Kasarani
Nimeelewa. Nimegawa hivi: flisi mbili, moja kubwa sana, sweta la sufu na jaketi la poliesta natafuta Toi na Gikomba mwezi wa tisa. Nguo za kugusa ngozi nanunua mpya, hapo sitaki kuvaa ya mtu. Chungwa, glavu nene na mkanda wa usalama wa kule juu ya mti naazima kwa shemeji. Kimebaki kiatu. Nina gambuti nzuri za shambani, je, soksi pea tatu hazitoshi?

Mguu_Njiani
Hapana kaka. Soksi tatu ndani ya kiatu kimoja zinabana, damu haizunguki, vidole vinaganda upesi kuliko ungevaa moja.

Jirani_wa_Madison
Gambuti ina faida moja, mpira haushiki harufu. Lakini ile nyembamba ya shamba haina kitu kati ya mguu wako na chuma cha jukwaa la kukalia mtini, na baridi inapanda kupitia soli. Hapa wanatumia mabuti mazito yenye soksi nene ya sufu iliyoshindiliwa ndani, inayotoka ikakaushwa usiku karibu na moto. Hayo usiyatafute Nairobi, na ukiyapata yatakula kilo 3 za mzigo wako. Shemeji anavaa namba ngapi?

Mkaaji_Kasarani
Yeye 10, mimi 9. Ana pea mbili, lakini naogopa zitanipwaya.

Jirani_wa_Madison
Zipwaye kidogo, ndivyo inavyotakiwa, nafasi ya vidole kucheza ndiyo joto lenyewe. Soksi moja nyembamba ya merino, juu yake moja nene ya sufu, basi. Muombe ile pea ya zamani, hiyo imeshalainika. Na mpelekee majani chai ya Kericho nusu kilo zaidi, wawindaji wa hapa wanakunywa kahawa mbaya sana.