Ujerumani: visa ya D inakaribia kuisha na ofisi ya wageni haina miadi. Nifanyeje?

mgeni_wa_masomo:
Wakuu, salaam. Niko Ujerumani kwa visa ya D (ya muda mrefu) ya masomo, imebakiza wiki tano. Usajili wa makazi (Anmeldung) tayari, bima ya afya ninayo, Sperrkonto (akaunti ya benki iliyofungwa, inayotoa fedha za matumizi kila mwezi) iko hai. Kinachonikwamisha ni Ausländerbehörde, ofisi ya wageni: kalenda yao ya mtandaoni haina nafasi hata moja kabla ya visa kuisha. Naomba kujua: siku ikiisha nitahesabika naishi kinyume cha sheria? Kazi ya saa chache ninayofanya itaendelea? Na nikisafiri Desemba kwenda nyumbani kabla kadi ya ukaazi haijatoka, nitaruhusiwa kurudi?

Makaratasi:
Mkuu, linalokulinda ni tarehe uliyoomba. Miadi hata ikiangukia miezi mitatu mbele si neno. Kifungu cha 81 aya ya 4 cha Aufenthaltsgesetz, sheria ya ukaazi, kinasema mwenye visa ya D akiomba kibali cha ukaazi kabla haijaisha, visa hiyo inahesabiwa bado hai mpaka ofisi itoe uamuzi. Hii haiwahusu wenye visa ya Schengen ya muda mfupi, ile ya C. Na ukichelewa, kinga haiji yenyewe: ofisi inaweza kukupa ili kuepusha adha isiyostahili, ila hapo uko mikononi mwa afisa.

Basi peleka ombi wiki hii, usingoje kalenda. Kama jiji lako lina fomu ya kuombea kibali mtandaoni, ijaze na uhifadhi uthibitisho wenye tarehe. Kama halina, chapa fomu yao, tia saini, andika juu yake barua fupi kwamba unaomba kibali cha masomo kwa kifungu cha 16b cha sheria hiyo, kisha ambatisha nakala za pasipoti, visa, cheti cha Anmeldung, cheti cha kuandikishwa chuoni, bima, na uthibitisho wa fedha. Tuma kwa barua pepe, halafu karatasi zilezile kwa posta ya rejista, Einschreiben, au kwa faksi. Ndiyo, faksi. Ofisi za huko bado zinaiheshimu, na ile ripoti ya kutumwa ni ushahidi mzuri.

Kitu kikikosekana usikae nacho. Tuma ulivyonavyo, andika kwamba nyaraka fulani itafuata. Ombi lenye pengo likifika kabla ya tarehe linakufaa kuliko ombi kamili lililochelewa.

Kibarua_Berlin:
Mnamtisha kijana bure. Apige picha ya skrini ya kalenda isiyo na nafasi, ajaze ombi la miadi, basi. Wengi wanapita hivyo.

Makaratasi:
Wanapita mpaka wampate afisa mkali. Kuomba miadi na kuomba kibali ni vitu viwili. Ujumbe unaosema "naomba miadi" unaweza kusomwa hivyohivyo ulivyo, kwamba kibali hakijaombwa. Picha ya skrini ihifadhi, itasaidia kueleza mazingira, lakini haichukui nafasi ya ombi.

Dada Forodhani:
Nijibu ya kazi na safari.

Kazi: masharti yaliyokuwa kwenye visa yanaendelea. Kwa mwanafunzi ni siku 140 nzima au 280 nusu kwa mwaka. Ugumu uko kwa mwajiri, maana sheria inamtaka aweke nakala ya kibali chako, na akiona tarehe ya visa imepita anaogopa. Hapo ndipo unahitaji Fiktionsbescheinigung, cheti kinachothibitisha kwamba ombi lako linashughulikiwa. Kiombe waziwazi ndani ya barua ileile ya ombi, ukitaja aya ya 4. Ada yake ni yuro 13. Usipokitaja, ofisi nyingi hazikutumii.

Safari: angalia kisanduku kilichotiwa alama kwenye cheti. Kikiwa cha aya ya 4 ya kifungu kilekile cha 81, unaruhusiwa kutoka na kurudi, ukibeba cheti, pasipoti na visa iliyoisha. Kikiwa cha aya ya 3, kinakuruhusu kukaa tu, ukitoka hakikurudishi. Maafisa hukosea kisanduku, kwa hiyo kisome palepale dirishani kabla hujaondoka. Bila cheti mkononi usisafiri, hata kama ombi lilifika kwa wakati. Mpakani unaweza kujieleza, lakini mfanyakazi wa kaunta ya ndege huku nyumbani anaangalia tarehe ya visa, akiona imepita anakuacha chini.

mgeni_wa_masomo:
Asanteni sana. Fedha je? Sperrkonto ilianza na yuro 11,904 lakini nimeshatoa miezi kadhaa.

Makaratasi:
Hapo ndipo wengi wanarudishwa. Kiwango ni yuro 992 kwa mwezi, na ofisi inatazama mbele: una nini kwa kipindi unachoombea, si ulikuja na nini. Salio la miezi mitano halitoshi kuombea mwaka. Ongeza fedha kwenye akaunti, au leta mkataba wa kazi na hati za mshahara za karibuni, au mdhamini aliyeko Ujerumani asaini Verpflichtungserklärung, hati ya kuahidi kubeba gharama zako, katika ofisi ya wageni ya kwake. Barua ya mjomba aliyeko Mwanza, hata ikiwa na muhuri wa wakili, haina uzito huo.

Angalia pia pasipoti inaisha lini. Kibali hakitavuka tarehe yake, utajikuta unalipa ada upya mapema.

Dada Forodhani:
Na picha: tangu Mei 2025 picha ya karatasi haipokelewi. Inapigwa kidijitali kwa mpiga picha aliyeidhinishwa, anayekupa msimbo wa kupeleka ofisini, au kwa mashine ya ofisini kwenyewe. Ada ya kibali cha kwanza ni yuro 100.

Kibarua_Berlin:
Sawa, nimekubali ya ombi. Lakini wakikaa kimya miezi na miezi?

Makaratasi:
Baada ya miezi mitatu bila uamuzi na bila sababu ya maana, kuna Untätigkeitsklage, kesi ya kuilazimisha ofisi iamue, katika mahakama ya utawala. Ngazi ya kwanza si lazima uwe na wakili, ila ada ya mahakama ipo. Kabla ya kufika huko andika barua yenye tarehe ya mwisho, useme utafungua kesi. Mara nyingi barua hiyo peke yake inatosha kulifufua faili. Na mgeni, ukihama jiji katikati ya haya, taarifu ofisi zote mbili kwa maandishi: faili huhamishiwa jiji jipya na njiani hukwama, na ofisi mpya isipoliona ombi lako la awali, utaitoa ile ripoti ya faksi.