Kichanga kulia kila jioni bila kubembelezeka: tupeane uzoefu

Wazazi wenzangu, naomba tukusanye hapa uzoefu wetu kuhusu vichanga wanaolia kila jioni ilhali wamenyonya, wamebadilishwa nepi na hawana homa. Naanza na wangu. Tunaishi Tabata. Mchana alikuwa mpole kabisa, lakini ikishaadhiniwa magharibi alikunja magoti, akafumba ngumi na kulia mpaka saa nne usiku. Kilio kilizidi wiki ileile ya chanjo za wiki ya 6, na majirani wakahukumu kwamba sindano ndiyo chanzo. Muuguzi wa kliniki alinieleza kwamba chanjo inaweza kumletea mtoto homa na usumbufu wa siku moja au mbili, ila kilio cha namna hii huanza wiki chache baada ya kuzaliwa, hufikia kilele karibu na wiki ya 6, kisha hupungua chenyewe kuelekea miezi mitatu au minne, awe amechanjwa au hakuchanjwa.

Wangu alitulia zaidi akiwa na nepi tu, kifua kwa kifua, nimemfunga kwa khanga nyepesi huku feni ikivuma. Umeme ukikatika tulihamia barazani. Tafadhali andikeni umri wa mtoto, mlichojaribu, na hasa kilichoshindikana, maana dawa yoyote atakayopewa mtoto mwezi wa tatu itaonekana imemponya.

*Baba, Kigamboni*

Sisi tulipeana zamu. Nikirudi kazini nilimchukua mtoto ili mama yake aoge na ale bila haraka. Nilimlaza kifudifudi juu ya mkono wangu, kichwa kwenye kiwiko, nikatembea naye. Akisinzia nilimhamishia kitandani chali. Jioni moja hasira zilinipanda mpaka mikono ikatetemeka, nikamlaza chali mahali salama na kutoka uani hadi nilipotulia. Akina baba wenzangu, mtoto kulia peke yake dakika chache hakumdhuru, lakini kumtikisa kunaweza kuvujisha damu kwenye ubongo.

*Mama wa watatu, Mbagala*

Mama mkwe alikuja na mizizi ya dawa ya chango la uchanga, jina ambalo wengi hukiita kilio hiki cha jioni, pamoja na asali ya kumlambisha. Nilimweleza kwa adabu kwamba kliniki wametuelekeza maziwa ya mama pekee mpaka miezi sita, na kwamba asali haifai kabla ya mwaka mmoja kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu hatari kwa mtoto mchanga. Nikamwomba badala yake amkande tumbo kwa mafuta ya nazi, kazi ambayo kwa kweli anaiweza kuliko mimi. Sijui kama ukandaji ndio uliomtuliza mtoto. Mimi nilipata usingizi.

*Muuguzi mstaafu, Ilala*

Wanangu, kipimo cha chango tulichofundishwa, kilichoandikwa na madaktari wa Marekani mwaka 1954, ni kilio cha zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa mtoto mwenye afya. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayosahaulika. Niliwahi kuletewa kichanga aliyesemekana ana chango. Nilipomvua soksi nikakuta unywele wa rasta za mama umejizungusha kwenye kidole cha mguu, kidole kimevimba na kuwa cheusi kama zambarau. Tuliukata, na kidole kikapona. Kwa hiyo mvueni mtoto nguo zote, mkague vidole, na mtazame kinena, kwa kuwa uvimbe mgumu hapo waweza kuwa ngiri iliyobanwa. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi, anayekataa kunyonya, anayetapika rangi ya kijani, mwenye damu kwenye choo, utosi uliovimba, au aliyelegea, apelekwe hospitali usiku huohuo.