Amani ya Mobutu tunayoisifu

Binamu: Salamu kwa wakubwa wote. Naona tunamwonea Mobutu, aliyekuwa rais wa Zaire (Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya leo), tunapomlaumu kwa kila kitu, kwa sababu katika utawala wake wa karibu miaka 32, tangu Novemba 1965 hadi Mei 1997, nchi ilibaki moja, na mtu wa Bukavu aliyefika Kinshasa alijiona Mzaire kama wengine.

Baba Mkubwa: Umoja huo siukatai, mwanangu. Hata hivyo, mkoa wa Shaba (Katanga) ulivamiwa mwaka 1977 na tena 1978, na mara zote mbili aliokolewa na askari wa kigeni, kwanza wa Morocco, kisha wa Ufaransa na Ubelgiji, kwa kuwa jeshi lake mwenyewe, ambalo mishahara yake iliishia mifukoni mwa maofisa, halikuwa na uwezo wa kupigana.

Shangazi: Mimi kinachoniuma zaidi ni Novemba 1973, alipoamuru maduka na mashamba ya wageni yakabidhiwe Wazaire. Nia ilikuwa ya haki, na sisi tulishangilia. Waliokabidhiwa, lakini, walikuwa vigogo wa MPR, chama chake tawala, na jamaa zao, ambao waliuza bidhaa zilizokuwamo ghalani, wakala fedha, wasiagize nyingine. Duka la Mgiriki mtaani kwetu lilibaki na mizani mezani na rafu tupu, na waliokuwa wakifanya kazi humo, wenyeji watupu, wakarudi nyumbani bila hata mshahara wa mwisho.

Binamu: Shangazi, bei ya shaba nayo ilianguka mwaka uliofuata, na hilo hakulisababisha yeye.

Baba Mkubwa: Ni kweli, ilianguka. Lakini katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, bado ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, na kufikia 1993 hazikufika 50,000. Mitambo haikutunzwa, na mgodi wa Kamoto ukaporomoka Septemba 1990, ilhali Gbadolite, mji wa kwao Mobutu, ulikuwa na majumba ya kifalme na uwanja wa ndege ambao hata Concorde, ndege ya abiria yenye kasi kuliko sauti, iliweza kutua.

Binamu: Umoja nitaendelea kumhesabia, Baba Mkubwa. Kuhusu Gécamines sina la kumtetea.

Shangazi: Basi zingatia na hili: mwaka 2009 Uswisi iliachilia faranga za Uswisi milioni 7.7 za Mobutu zilizokuwa zimezuiwa benki, na zikaenda kwa warithi wake. Wastaafu wa Kongo hawakupata hata senti.