Ushauri: kepingi inanipandia mlima kwenye bomba jembamba, mtihani ni Alhamisi

Kijana_Sahare
Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga, mwaka wa sita sasa natengeneza mageti na madirisha kwenye karakana moja hapa Ngamiani. Nimepata nafasi ya mtihani wa kuchomelea bomba, na wanataka kwa kushuka (unaanzia juu ya bomba unaishia chini), siyo kupanda. Bomba lenyewe ni jembamba. Ruti, yaani pasi (tabaka) ya kwanza, inaingia, hotipasi ya pili naona iko sawa, lakini nikifika kwenye kepingi, ile ya mwisho ya kufunika juu, chuma kinarundikana. Ukilihesabu bomba kama uso wa saa, mlima unaanza saa kumi na unakua mpaka saa kumi na mbili. Nimepima, unafika milimita 3 juu ya bomba, na nimeambiwa mwisho ni 1.6. Pembeni ya huo mlima kuna andakati, yaani kijifereji kilicholiwa ukingoni. Nimeshachoma vipande kumi na moja, vyote vimetoka hivyo hivyo. Usingizi sina. Nisaidieni.

Nanga_Pongwe
Huo ni mlima wa kianzio. Unawasha moto halafu unazubaa pale pale, chuma kinajaa. Washa, vuta, ondoka. Na saga kianzio cha upande wa kwanza kabla hujaanza wa pili.

Mzee_wa_Mkonge
Kijana, kabla hatujakushauri tuambie: ukuta wa bomba una unene gani? Rodi gani, geji (unene wa rodi) ngapi? Ampia (kiasi cha umeme) ngapi? Unapiga pasi ngapi? Na rodi unazihifadhi wapi?

Kijana_Sahare
Shikamoo mzee. Bomba ni inchi 2, ukuta milimita 3.9. Rodi ni aina ya 6010 geji 10, ampia 110, waya wa rodi uko kwenye chanya. Pasi nne: ruti, hotipasi, fila ya kujazia, kepingi. Mjomba wangu alinifundisha nne na yeye amefanya mabomba makubwa maisha yake yote.

Bi_Raskazone
Mdogo wangu, mimi siyo fundi ila mume wangu ni fundi. Vaa barakoa vizuri. Mwaka juzi alirudi kazini usiku analia, macho kama yamemwagiwa mchanga. Majirani wakaleta viazi vya kukata, mwingine akaleta maziwa. Nikamchukua mpaka hospitali, alfajiri ndipo akapata nafuu. Usijaribu mambo ya viazi.

Mtoto_wa_Chumbageni
Unajisumbua bure. Kepingi ikipanda unaishusha kwa grenda, unapiga brashi, unapaka rangi. Nani atajua?

Kijana_Sahare
Hilo hata mimi nimelifikiria. Nimeshanunua mawe mawili ya grenda. Msimamizi akienda kunywa chai nashusha mpaka 1.6. Ubaya uko wapi, si chuma ni kile kile?

Mzee_wa_Mkonge
Marahaba. Ubaya ni kwamba kwenye mtihani kepingi inaangaliwa kama ilivyotoka kwenye rodi. Jiwe linaacha alama, na likigusa bomba lenyewe umepunguza ukuta ambao tayari ni milimita 3.9 tu. Nilianzia kazi kwenye mabomba ya mvuke ya kiwanda cha mkonge. Kuna kiungo kimoja kilisagwa hivyo hivyo na kupakwa rangi. Kilikaa miezi minne. Siku kilipoachia, kijana aliyekuwa akipita na toroli aliungua kuanzia bega mpaka kiganja, na ngozi ya mkono ule haikurudi kuwa ngozi. Tupa hayo mawe, au yatumie kusagia hotipasi.
Na swali langu la rodi hujalijibu.

Bi_Raskazone
Subhanallah.

Kijana_Sahare
Sawa mzee, nimekuelewa. Rodi ziko nyumbani, mahali pakavu. Lakini wakuu, tatizo ni mkono wangu au ni mashine? Mashine ni inventa, nimekopa hela ya kuinunua na ada ya mtihani nimeshalipa, hairudishwi.

Nanga_Pongwe
Sasa ngojeni. Mimi nina wasiwasi na huyu. Anasema anachomelea kwa kushuka. Kushuka unaanzia kumi na mbili, juu kabisa. Yeye mlima wake unaanza saa kumi na unakua mpaka kumi na mbili. Huyo anapanda! Pili, kila mtu Tanga sasa hivi anaota lile bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, linaloishia Chongoleani, kilomita 1,443, na lile ni la inchi 24. Mtihani wa inchi 2 ukuta 3.9 wa nini? Hii hadithi imetungwa ili tujadiliane hapa halafu mtu aende kuuza somo.

Mtoto_wa_Chumbageni
Kweli aisee. Na picha hajaweka hata moja.

Kijana_Sahare
Wallahi sijatunga. Kazi yenyewe siyo ya bomba la mafuta, ni mabomba ya hewa na maji ya kampuni ndogo tu. Simu yangu kamera imevunjika. Mkono wa kushoto una alama saba za cheche juu ya glavu ilipoishia, naweza kumwonyesha yeyote anayekuja Ngamiani. Nashuka, sipandi. Naanzia juu naishia chini, na mlima uko chini.

Bi_Raskazone
Jamani, mwacheni mtoto wa watu. Angalieni saa ya ukutani. Mshale mkubwa ukiwa juu na mdogo ukiwa chini kabisa, kwetu ni saa ngapi? Kumi na mbili. Anahesabu saa ya Kiswahili. Juu kwake ni saa sita.

Mzee_wa_Mkonge
Ahsante sana dada yangu. Ndiyo hivyo. Saa kumi yake ni pale mafundi wa bomba wanapopaita nne, na kumi na mbili yake ni sita, tumboni mwa bomba. Kijana, siku ya mtihani uhesabu kwa tarakimu za kwenye saa, la sivyo mkaguzi akikwambia rekebisha kwenye sita utapanda juu.
Basi ushauri wa Nanga wa kianzio hautufai. Shida iko chini. Nauliza mara ya tatu: rodi?

Kijana_Sahare
Mzee nitasema ukweli. Rodi nilinunua kwa rafiki, kopo lilikuwa limeshafunguliwa. Sahare ni pwani, unyevu mwingi, nikaogopa. Kila usiku naziweka kwenye oveni ya dada yangu anayookea keki, digrii 150, mpaka asubuhi. Lakini hilo si ni sahihi? Chuoni walitusisitiza rodi ikaushwe. Na nimeshazikausha zote, siwezi kununua nyingine.

Mzee_wa_Mkonge
Hapo ndipo penyewe.
Walichokufundisha ni cha rodi aina nyingine, 7018. Hiyo inakaa kwenye joto kwa sababu unyevu ni adui yake. 6010 ganda lake ni la selulosi, na linahitaji unyevu wa asilimia 3 hadi 7 ndani yake. Huo ndio unaoupa moto nguvu ya kusukuma, kuchimba na kulibana dimbwi la chuma kilichoyeyuka lisikimbie. Ukiuoka unaua ule msukumo. Ukaona moto umelegea, ukapandisha ampia mpaka 110. Dimbwi likawa kubwa na laini, bomba jembamba limeshapata moto, chuma kinateleza kukufuata mpaka tumboni na kujaa huko. Pembeni kingo zimeyeyuka, chuma cha kuzijaza hakijafika. Andakati yako ni hiyo.
Na mjomba wako yuko sahihi kwa mabomba yake. Kwa ukuta wa 3.9 fila ya nini? Baada ya hotipasi pitisha ukucha: lazima ukucha ukamate ukingo, mfereji ubaki chini kama milimita moja. Umejaa? Saga. Acha bomba lipoe mpaka ulishike kwa mkono mtupu. Halafu kepingi kwa ampia 90, moto mfupi (ncha ya rodi karibu na bomba), na ukifika chini usipunguze mwendo. Wengi wanapunguza pale kwa sababu mwili umejikunja.

Nanga_Pongwe
Kijana, nisamehe. Nilikuhukumu. Nina nusu paketi ya 6010 geji 10, haijawahi kuona oveni. Kesho asubuhi nashuka mjini, nitakupigia nikifika Ngamiani. Hela utanipa ukipata kazi.

Kijana_Sahare
Mungu akubariki kaka. Sijui niseme nini.

Kijana_Sahare (Jumanne usiku)
Nimetoka karakana sasa hivi. Rodi za kaka Nanga moto wake unanguruma, ni kitu kingine kabisa. Kipande cha kwanza sikuacha kipoe, kikapanda 2.2. Cha pili nimefuata kila kitu: hakuna fila, ukucha umekamata, bomba limepoa, ampia 90. Juu 1.2. Chini kabisa 1.5. Bado kuna andakati fupi kwenye nne, upande mmoja.

Mzee_wa_Mkonge
Mkono gani?

Kijana_Sahare
Kushoto, pale ninapolazimika kuinamisha shingo.

Mzee_wa_Mkonge
Kesho usichome bomba zima. Choma upande huo tu, kutoka tatu mpaka sita, mara kumi, na kaa chini kwenye kigoda. Vipande usitupe hata kimoja. Nitapita saa kumi jioni, ya Kiswahili, niviangalie.